Mwizi wa Mivuto

Dawa ya Bwire ilikuwa inaibwa.

Haikuibwa yote. Iliibwa mivuto minne kwa siku. Inhela yake ya pumu ilikuwa na kidirisha cha namba mgongoni, na Bwire, mbeba magunia katika ghala la mahindi Malaba, alijua hesabu. Nesi alimwambia: mivuto miwili asubuhi, miwili jioni, ukohoe usikohoe, kisha usukutue mdomo. Alifuata hivyo miaka miwili, pumu ikamwacha. Sasa namba ilishuka kwa nane. Kila siku nane, haizidi, haipungui.

Siku ya tatu akamwona mwizi. Onyuka, mnyapara wao, alitoka pale makoti yanapotundikwa, ambapo Bwire huacha inhela mfukoni mwa koti lake, akachota maji kwenye pipa, akasukutua, akatema.

Onyuka! Jitu la kilo mia, lenye kifua kama mlango wa ghala. Huyo ndiye aliyemfukuza Mulama kwa kikohozi cha wiki moja. Huyo ndiye aliyemtania Bwire mbele ya madereva: "Vuta upesi, mama mjamzito! Lori la Tororo halingojei mapafu yako."

Bwire alijua sababu ya wizi. Ghala zima liliamini kwamba inhela ndiyo inayompa nguvu za kubeba gunia la kilo tisini bila kuhema. Kumbe hata mnyapara ni mjinga kiasi hicho.

"Boss, hii dawa si ya kuongeza nguvu," alimwambia siku moja, wenzake wakisikia.

"Nani anataka ugonjwa wako?" Onyuka akajibu, akitazama kando.

Basi. Bwire akaficha inhela nzima kwenye suruali, na ndani ya koti akaacha ile ya zamani iliyokwisha. Ukiibonyeza bado ilifoka, lakini ni upepo mtupu. Sifuri ya kidirishani haikumtia wasiwasi. Mwizi hana nafasi ya kusoma namba.

Kila asubuhi na jioni alimtazama Onyuka akisukutua mdomo bure, akamcheka moyoni. Mpumbavu mkubwa na mdomo safi.

Siku ya kumi wakafungua lori la mahindi, vumbi likajaa ghala. Onyuka akashika kifua. Akakimbilia makoti, akavuta, akavuta tena, akaanguka. Bwire alipomfikia na ile inhela nzima, midomo ilikuwa imeshabadilika rangi.

Mjane wa Onyuka, Gaudencia, aliwakuta wabeba magunia nje ya mochari. "Bwire ni nani kati yenu?"

Bwire akainua mkono. Gaudencia akaushika kwa mikono yake miwili.

"Asante, ndugu yangu. Pumu ilimtesa tangu utoto. Aliogopa wakijua watampokonya unyapara. Kila siku aliniambia, 'Usihofu, mama watoto, Bwire ananigawia yake.'"

Katika siku zile kumi, Bwire alikuwa ameokoa mivuto arobaini.