Ngiri na Mbio za Alfajiri

Ngiri, mama wa watoto wanne, aliponea chupuchupu kwenye meno ya Fisi, akaingia shimoni akihema kama anakata roho. Akaapa kukimbia hadi mtoni kila alfajiri ili pumzi zimrudie. Lakini kila alipotaka kutoka, mmoja analia, mwingine kapotea, wawili wanang'atana masikio.

Jirani yake Swala, ambaye hakuwa na mtoto, akamwambia, "Penye nia pana njia, dada. Amka mapema tu."

Maneno hayo yalimchosha Ngiri kuliko watoto. "Basi kesho nishikie hawa."

Kesho yake alifika mtoni peke yake, akaketi kidogo, usingizi ukamchukua mpaka jua likapanda. Aliporudi alimkuta Swala kalala chali, watoto wanamkanyaga tumbo.

"Dada," Swala akasema kwa shida, "hawa wamenikimbiza mbuga nzima. Wewe unatafuta mbio gani tena?"

Ngiri akaduwaa. Kumbe mbio alikuwa nazo tele. Alichokosa ni usingizi.

"Na kesho nishikie," akasema. "Mtoni siendi. Nalala."

Swala akainuka akichechemea, na kesho yake alfajiri akarudi kuwashika watoto. Na Ngiri, asubuhi baada ya asubuhi, akalala mpaka pumzi zikamrudia.