Mapumziko ya Mlezi

Salha alikuwa ametumwa na wizara kuwasomea wananchi mpango mpya wa kuwatunza wazee waliopotewa na kumbukumbu. Alipofika kwenye kifungu cha mapumziko ya walezi, Mzee Makame alinyanyua mkono, na mkono wa mkewe ukanyanyuka pamoja nao. Walikuwa wamefungana kwa kanga moja.

"Hayo mapumziko yanaanza lini, mwanangu?"

"Mwaka wa tatu wa utekelezaji, mzee."

Watu waliguna. Mzee hakuguna. "Nisipomfunga anaondoka," alisema, kama anayeomba radhi. "Sijalala tangu juzi."

Mkewe, Bi Arafa, alikuwa ameshasimama, anavuta kuelekea mlangoni. Salha aliziweka karatasi zake mezani. Akashuka jukwaani, akaifungua kanga mkononi mwa mzee na kujifunga yeye.

"Dakika tano tu, baba. Pumzika."

Kabla hajamaliza kukaza fundo, mzee alikuwa amelala kitini, mdomo wazi.

Dakika tano zikawa saa nzima, na hakuna aliyethubutu kumwamsha. Bi Arafa hakukalika. Alimvuta Salha nje, wakapita soko, wakapita msikiti, viatu vya ofisini vikimchubua Salha visigino.

"Tunakwenda wapi, mama?"

"Nyumbani. Watoto hawajala."

Penye njia panda bibi alisimama. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akamgeukia Salha na kusubiri.