Wa Kumwitikia

Bi Mwanatumu alijifunga kanga mpya akaenda kwenye Chama cha Watangulizi, watu wanaotokana na walowezi wa kwanza walioujenga mji ule. Alitaka sana kuingia, maana wanachama huuguzana na huzikana, naye nyumbani kwake alibaki na paka tu.

Mila yao ilikuwa hivi: mwombaji husimama akataja wazee wake mmoja mmoja, hadi yule aliyeshuka pwani hapo kwanza, na kila jina huitikiwa na mtu wa damu yake, "Huyo wetu!"

Bi Mwanatumu akakohoa kidogo. "Baba yangu Shekuwe."

Watu wakatazamana.

Akaendelea hadi mwisho bila kukosea, na kila jina likabaki hewani kama kitendawili kilichokosa wa kusema tega.

"Majina ndiyo yenyewe, bibi," mwenyekiti alisema kwa upole. "Lakini nani anakuitikia?"

"Wa kuniitikia nimewazika wote, mwanangu."

"Si uazime binamu!" mwanamke mmoja akadakia, ukumbi ukaangua kicheko.

"Bila mtu wa damu hatuwezi, bibi. Utuwie radhi."

Alitoka, akavaa kandambili zake, lakini miguu ikakataa kwenda nyumbani. Akaketi pale kizingitini, akaanza upya, safari hii kwa sauti ya kumwita mtu aliye mbali.

"Baba yangu Shekuwe!"

Ndani kicheko kikakatika. Kiti kimoja kikalia, kama cha mtu anayetaka kuinuka aitikie.