Jeneza Mlangoni pa Mahakama

Asubuhi ya kesi, wadhamini wa wakfu walimtangulia Bi Mwanaidi mahakamani wakiwa wamebeba jeneza la wakfu, ambalo mji mzima huliazima kwa mazishi. Mjini pale jeneza tupu halilazwi chini. Husimamishwa ukutani, lisije likaita mtu wa kulijaza. Wao wakalilaza mlangoni makusudi.

"Wakfu ukitangazwa umefilisika, hata hili litapigwa mnada," alisema Bwana Mselemu, mkubwa wao. "Mumeo tulimbeba humu. Futa kesi, dada yangu."

"Niliwakopesha mjenge ukuta wa makaburi," alijibu Bi Mwanaidi. "Ukuta uko wapi? Mbuzi wanalala juu ya mume wangu."

Mselemu akaanza kueleza habari ya fedha, Bi Mwanaidi akamkatiza.

"Fedha zikirudi sawa, zisiporudi sawa. Nataka hakimu awaondoe nyinyi, wakfu upewe msimamizi mwingine."

Akajifunga kanga kiunoni, akalishika jeneza upande mmoja, akalinyanyua peke yake mpaka likasimama ukutani. Akalifuta vumbi kwa ncha ya kanga, kisha akaingia ndani.

Mselemu alisogea kumfuata, akasita. Karani alipoita jina la wakfu, yeye alikuwa bado amesimama ndani ya alama ndefu ambayo jeneza liliiacha vumbini.