Sururu Hafufuki Tena

Mwaka ule matoleo kumi na moja ya katuni za Sururu yalikuwa yameshatoka, na Mwanaidi, mchoraji wake, alikuwa amemuua shujaa huyo mara tatu na kulazimishwa kumfufua mara tatu. Katika toleo la kumi na mbili akamzika tena. Mhariri wake, Bwana Kihwelo, akamjia na ukurasa wa kaburi mkononi.

“Mfufue, dada. Bila yeye hatuuzi.”

“Nimechoka!” Mwanaidi aliitupa kalamu mezani. “Kapigwa risasi, kafufuka. Kazama mtoni, kafufuka. Kafunikwa na mlima mzima, kafufuka! Haya, soma hii.”

Ilikuwa barua ya msomaji wa miaka tisa. Baba yake alikuwa amefariki, naye aliomba aelezwe Sururu alitumia dawa gani.

Kihwelo aliisoma mara mbili. “Sasa bosi nimwambie nini?”

“Mwambie amekufa.”

Mhariri aliuweka ukurasa mezani, akatoka polepole. Mwanaidi akatandaza karatasi mpya, akachora nyumba ya Sururu asubuhi baada ya matanga: mkewe anafagia, na mlangoni kuna viatu vya kiume ambavyo ufagio unavizunguka bila kuvigusa.