Aliyepishwa Njia

Katika nchi ya barafu alikuwapo pengwini aitwaye Shekue. Siku moja mashua ya matanga ilitia nanga, watu wakashuka ufukweni, na kila Shekue alipokatiza mbele yao walisimama kimya mpaka apite. Ndiyo iliyokuwa adabu yao kwa wenyeji.

“Wananiogopa,” alimwambia mkewe, Kidawa.

“Wanakustahi, baba watoto. Woga ni kitu kingine.”

Ikafika zamu ya Shekue kumvulia kinda wao samaki. Kwenye ukingo wa barafu alikuwa amelala sili, mnyama wa baharini alaye pengwini. Pengwini wenzake wote wakarudi nyuma. Kidawa akapaza sauti.

“Rudi, Shekue! Ukipotea wewe, nani atamlinda mtoto nikienda kuvua?”

Shekue akatunisha kifua. “Wewe sili, mwenye njia anapita!”

Sili akamtazama, akainamisha kichwa, akateleza majini taratibu.

“Umeona?” Shekue akacheka, akajitosa nyuma yake.

“Karibu, bwana mkubwa,” sili akamjibu kutoka chini. “Nimeshakupisha.”

Maji yakatulia. Kinda akalia njaa, na Kidawa hakujua amwachie nani ili akavue.