Maganda Yasiyolingana

Kulungu alitokomea msituni akichechemea, damu ikidondoka kwenye theluji. Mke wa kaka yake Oddvar akashusha bunduki.

"Ni mkono wangu, shemeji. Risasi unazojaza wewe hazina kasoro."

Oddvar aliokota ganda la shaba la risasi iliyofyatuliwa. Lilikuwa bado la moto, shingo imepasuka. Maganda yaliyokwisha kutumika aliyapima mwenyewe jikoni, ayajaze upya. Yaliyolingana alijazia risasi zake. Yaliyobaki, yale yanayopeleka risasi kombo, akamjazia shemeji, akafunga boksi kwa utepe kama zawadi.

Kiongozi wa wawindaji alifika na mbwa.

"Nani kamjeruhi?"

"Mimi," shemeji alisema.

"Basi mpe Oddvar bunduki, urudi nyumbani."

Oddvar aliipokea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelifumbata lile ganda.